Mtoro wa Kizuizini: Nani Aweza Kumkamata Tena, Wapi, na Hadi Lini

Alfajiri ya tarehe 20 Agosti 2024, maafisa wa kituo cha polisi cha Gigiri jijini Nairobi walikwenda kuwapelekea mahabusu kifungua kinywa, wakakuta watu 13 hawamo. Wavu wa waya uliofunika kiwanja kidogo cha kuotea jua ulikuwa umekatwa. Mmoja wa waliotoweka alikuwa mtuhumiwa wa mauaji ya wanawake ambao miili yao ilipatikana katika machimbo ya Kware, mtaani Mukuru kwa Njenga, na mahakama ilikuwa imewaruhusu polisi waendelee kumshikilia wakati uchunguzi ukiendelea. Wengine 12 walikuwa raia wa Eritrea walioshikwa kwa sababu za uhamiaji. Tundu lilikuwa moja na usiku ulikuwa mmoja, lakini mbele ya sheria watu hao hawakuwa watoro wa aina moja, na mamlaka ya kuwarudisha ndani hayakuwa sawa kwa kila aliyewatafuta.

Habari za namna hii zikitangazwa, mazungumzo ya mitaani na ya redioni huelekea mahali pamoja: mtu akishatoroka amejivua haki zake zote, na yeyote atakayemwona anaweza kumfanya atakavyo. Sheria ya Kenya, ambayo ndiyo nitakayoifuata zaidi hapa, haisemi hivyo. Kuna mamlaka ya aina mbili ya kumkamata mtoro. Ya kwanza ni ya wakati wa mbio. Ni mapana sana, na hukoma mbio zinapokatika. Ya pili huja baadaye, hayana kikomo cha siku, lakini hupita katika mlango uleule wa sheria ya kawaida ya kukamata watu. Mkanganyiko mwingi, hata miongoni mwa maafisa, hutokana na kudai upana wa ile ya kwanza wakati ambapo iliyobaki mkononi ni ya pili.

Kabla ya kuuliza nani aweza kumkamata mtoro, ni lazima tujue mtoro ni nani. Kifungu cha 123 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema kwamba mtu aliye katika kizuizi halali akitoroka humo ametenda kosa dogo. Adhabu haikutajwa ndani ya kifungu chenyewe, hivyo hutumika adhabu ya jumla ya makosa madogo iliyo katika kifungu cha 36, yaani kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Uzito wa kifungu hicho umo katika maneno “kizuizi halali”, na kizuizi hakihitaji kuta. Mfungwa aliyelazwa hospitalini, pingu zikimshikiza na chuma cha kitanda, yumo kizuizini. Mshtakiwa aliyesimama kizimbani bila pingu, askari akiwa hatua mbili nyuma yake, naye yumo. Yumo hata yule aliyekamatwa sokoni dakika chache zilizopita na ambaye bado hajafikishwa kituoni.

Kwa upande mwingine, mshtakiwa aliyeachiliwa kwa dhamana akakosa kufika mahakamani siku ya kesi hajatoroka kizuizini, ingawa magazeti hupenda kumwita mtoro. Huyo amevunja masharti ya dhamana. Mahakama hutoa hati ya kumkamata, na mdhamini wake huitwa aeleze kwa nini fedha alizoziweka rehani zisichukuliwe. Hakuna askari aliyeponyokwa na mtu, kwa hiyo mamlaka ya mbio hayakuzaliwa kabisa, na anayemtafuta lazima ashike hati mkononi au awe na sababu nyingine inayotambuliwa na sheria.

Lipo pia swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: itakuwaje iwapo kizuizi chenyewe si halali? Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote isizidi saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama au katika siku isiyo ya kazi. Aliyewekwa seli siku nne bila kumwona hakimu ana hoja nzito kwamba hayumo tena katika kizuizi halali. Hata hivyo, njia ambayo sheria imemwekea ni ombi la kuletwa mbele ya mahakama, haki ambayo Ibara ya 25 imeiweka miongoni mwa zile zisizoweza kupunguzwa. Anayechagua kuruka ukuta badala yake anacheza kamari kwamba hakimu, miezi kadhaa baadaye, atakubaliana na hesabu yake ya saa.

Sasa tuje kwenye mamlaka ya mbio. Yamo katika kifungu cha 40 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 75, ambacho kwa ufupi kinaeleza kwamba mtu aliye katika kizuizi halali akitoroka, au akikombolewa na wenzake, yule aliyeponyokwa naye anaweza kumfuatia mara moja na kumkamata mahali popote nchini Kenya. Ni sentensi moja tu, na haikuandikwa Nairobi. Inafanana karibu neno kwa neno na kifungu cha 66 cha sheria ya mwenendo wa jinai ya India ya mwaka 1898, sheria ambayo Waingereza waliitumia Afrika Mashariki kabla Kenya haijapata yake mwaka 1930. India yenyewe imeshabadilisha sheria hiyo mara mbili, mwaka 1973 na tena kwa sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, lakini sentensi ya kumfuatia mtoro ilivuka safari zote mbili. Sheria hudumu namna hiyo pale inapojibu jambo ambalo kila mtu analielewa: mtu amekuponyoka, mkimbilie.

Tuchukue mfano wa kubuni ili maneno yapate miguu. Mfungwa anarudishwa kutoka mahakama ya Mombasa kwenda gereza la Shimo la Tewa. Lori la magereza linakwama kwenye msongamano wa magari Bamburi, mfungwa anamsukuma askari, anaruka chini, anavuka barabara katikati ya matatu na kuingia vichochoroni. Askari anayemsindikiza si polisi. Hana hati yoyote ya kukamata mfukoni, wala kosa la ulevi lililomfunga mtu huyo si kubwa. Hayo yote hayamzuii. Kifungu cha 40 kinampa yeye, aliyeponyokwa, haki ya kumfuatia, na hakimwekei mpaka wa kaunti, wa eneo la kituo wala wa kiwanja cha mtu. Akivuka daraja la Mtwapa, mbio bado ni zake.

Mfungwa anaingia katika nyumba na mlango unafungwa kwa ndani. Hapa ndipo watu wengi hudhani kwamba sheria husimama, na wengine hudhani kwamba mlango huvunjwa tu. Kifungu cha 41 kinajibu kwa kuviazima vifungu vya 22 na 23, vinavyohusu kuingia nyumba kwa ajili ya kukamata, na kusema kwamba vinatumika katika mbio hizi hata kama anayefukuza hana hati na si polisi. Vifungu hivyo vina adabu zake. Anayefukuza awe na sababu ya kuamini kwamba mtu wake amo ndani, ajitambulishe na aseme amekuja kufanya nini, aombe kufunguliwa. Mwenye nyumba naye ana wajibu wa kumruhusu aingie na kumrahisishia upekuzi. Ni pale tu anapokataliwa, au asipopata jibu, ndipo anaporuhusiwa kuvunja mlango au dirisha. Na iwapo akiisha kuingia watamfungia ndani, kifungu cha 23 kinamruhusu kuvunja ili atoke.

Kati ya adabu hizo kuna moja ambayo mimi huirudia kuisoma kila mara. Kifungu cha 22 kinasema kwamba iwapo chumba kinachotakiwa kuingiwa kinakaliwa na mwanamke ambaye kwa desturi hajitokezi hadharani, naye siye anayetafutwa, basi kabla ya kuingia ni lazima aambiwe kwamba yuko huru kuondoka na apewe nafasi ya kutosha ya kujisitiri na kutoka. Baada ya hapo tu ndipo chumba kivunjwe. Sharti hili nalo lilikuja na meli kutoka India, lakini katika nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, au za Lamu, ambako mwanamke kukaa utawani lilikuwa jambo la kawaida, halikuonekana geni hata kidogo. Askari wetu wa Shimo la Tewa, pumzi zikimpaa na jasho likimtiririka, anatakiwa asimame mlangoni na kusema maneno hayo wakati mtu wake huenda anaruka dirisha la uani. Sheria ilijua hivyo, na bado ikachagua kuuliza kwanza.

Neno gumu zaidi katika kifungu cha 40 ni “mara moja”. Tuseme mfungwa aliruka kweli dirisha la uani, akapotelea Kikambala, na askari akarudi gerezani mikono mitupu. Siku tatu baadaye anasikia kwamba mtu wake amelala kwa dada yake Majengo. Je, anaweza kwenda kuvunja mlango huo kwa nguvu ya kifungu cha 40? Kwa usomaji wangu, hawezi. Mbio zimekatika. Alichonacho sasa ni habari, na mwenye habari hatofautiani na afisa mwingine yeyote anayetafuta mtu.

Jambo hili lilipimwa kwa ukali mkubwa Uingereza, katika kesi ya D'Souza iliyoamuliwa mwaka 1992 na Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo. Mwanamke aliyekuwa akizuiliwa hospitalini chini ya sheria ya afya ya akili aliondoka bila ruhusa na kurudi nyumbani. Baadaye polisi walifika pamoja na wahudumu wa hospitali, watu wa nyumbani wakakataa kufungua, polisi wakaingia kwa nguvu, na katika purukushani iliyofuata watu hao wa nyumbani wakashtakiwa kwa kuwashambulia maafisa waliokuwa kazini. Kifungu cha 17 cha sheria ya polisi ya 1984 kiliruhusu kuingia nyumba bila hati ili kumkamata mtu aliye nje isivyo halali ambaye afisa “anamfukuza”. Malodi walisema kufukuza ni kufukuza. Kujua mtu yuko wapi, kuamua kwenda kumchukua na kugonga mlango wake hakutoshi. Mbio na kuingia lazima vishikane kwa wakati. Kwa kuwa polisi waliingia bila mamlaka, hawakuwa wakitekeleza kazi yao halali, na hukumu dhidi ya familia zikafutwa.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi nchi inavyoweza kukubali hoja ya mahakama na bado ikabadili mambo. Mwaka 1995 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyowapa polisi uwezo wa kuingia nyumba kumtafuta mtoro wa gereza hata kama hakuna anayemfukuza kwa wakati huo. Kwa mgonjwa aliyeondoka hospitalini, sharti la mbio likabaki, na mbio zisipokuwapo polisi huomba hati kwa hakimu chini ya sheria ya afya ya akili ya 1983. Mfungwa na mgonjwa wakatenganishwa, na nadhani ilistahili.

Kenya haijaweka tofauti hiyo kwa maandishi, lakini vifungu vyake vinatosha kuonyesha njia. Mbio zikishakatika, polisi yeyote, si yule aliyeponyokwa peke yake, anaweza kumkamata mtoro bila hati, kwa kuwa kifungu cha 29 kimemtaja waziwazi mtu aliyetoroka au anayejaribu kutoroka kizuizi halali miongoni mwa wale wanaokamatwa bila hati. Mamlaka haya hayazeeki. Mtoro wa miaka kumi anakamatwa barabarani sawa na wa jana. Kinachobadilika ni mlango wa nyumba. Nje ya mbio, kuvunja mlango bila hati kunaruhusiwa pale tu ambapo kusubiri hati kungempa anayetafutwa nafasi ya kutoroka, na Ibara ya 31 ya Katiba, inayolinda nyumba ya mtu dhidi ya upekuzi, inamtaka afisa aweze kueleza ni kwa nini hakuweza kusubiri. “Alikuwa mtoro” si maelezo ya kutosha iwapo nyumba ilikuwa ikichunguzwa kwa siku mbili na ofisi ya hakimu iko umbali wa nusu saa.

Mfano wa mbio zilizokatika ulionekana Februari 2024. Mwanamume aliyekuwa akishikiliwa Nairobi kwa amri ya mahakama, akisubiri uamuzi kama apelekwe Marekani kujibu shtaka la mauaji, alitoka katika kituo cha polisi cha Muthaiga tarehe 7 baada ya mtu aliyedai kuwa wakili wake kufika kumwona. Alikamatwa tena tarehe 13 huko Embulbul, karibu na Ngong, na mwezi wa Septemba akakabidhiwa kwa Wamarekani. Kwa siku sita hizo hakuna aliyekuwa nyuma ya visigino vyake. Waliomkamata walitumia habari, si miguu, na mamlaka yao yalikuwa yale ya pili. Inafaa pia kukumbuka kwamba mtu huyo hakuwa ameshtakiwa kwa mauaji mbele ya mahakama yoyote ya Kenya. Kizuizi chake kilikuwa halali kwa sababu ya mashauri ya kumrudisha, na hilo lilitosha kukifanya kitendo chake kuwa kutoroka.

Raia wa kawaida ana sehemu gani? Kifungu cha 42 kinamlazimu kila mtu kumsaidia hakimu au polisi anayemwomba msaada kwa njia ya busara, ili kumkamata mtu au kumzuia asitoroke. Polisi akipiga kelele “mshike huyo!”, kumshika ni wajibu. Bila kuombwa, raia anategemea kifungu cha 34, kinachomruhusu kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa lisilohitaji hati, au ambaye anamshuku kwa sababu za msingi kwamba ametenda kosa kubwa. Kosa kubwa, kwa ufafanuzi wa Kanuni ya Adhabu, ni lile lililotajwa hivyo na sheria, au ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu au zaidi, pasipo kutajwa kuwa dogo. Hapa ndipo lile jambo dogo la kifungu cha 123 linapojitokeza tena: kutoroka kwenyewe ni kosa dogo. Kwa hiyo aliyemwona mfungwa akiruka kutoka lorini yuko salama akimshika, lakini anayemkuta wiki moja baadaye akinunua sukari dukani anapaswa kujiuliza mtu huyu alifungwa kwa nini. Akiwa alifungwa kwa wizi wa kimabavu, raia ana mahali pa kusimama. Akiwa alifungwa miezi mitatu kwa ulevi na fujo, hoja ya raia ni nyembamba, na jambo la busara ni kupiga simu kituoni.

Wafungwa watatu waliotoroka gereza la Kamiti usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba 2021 hawakuwa na utata huo. Walikuwa wamepatikana na hatia za ugaidi, mmoja wao akitumikia miaka 41 kuhusiana na shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la 2015. Serikali ilitangaza zawadi ya shilingi milioni 60 kwa habari za kuwapata, Rais akamwondoa mkuu wa magereza, na tarehe 18 watu hao wakakamatwa katika Kaunti ya Kitui, baada ya wakazi kuwatilia shaka. Zawadi, hata iwe kubwa kiasi gani, haimwongezei mtu mamlaka. Inamlipa kwa kuyatumia vizuri yale aliyokuwa nayo, au kwa kusema tu alichokiona. Na raia akishamshika mtoro, kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Hana ruhusa ya kumhoji, kumfungia kwake, au kumtembeza mtaani.

Mwezi mmoja kabla ya Kamiti, mambo yalikwenda kombo. Kijana aliyekuwa amekiri kwa polisi kuwaua watoto kadhaa alitoweka katika kituo cha polisi cha Jogoo, Nairobi, tarehe 13 Oktoba 2021. Tarehe 15 alipatikana kwao Bungoma, na umati ukamuua. Hasira ya wazazi haihitaji kuelezwa na mtu yeyote. Lakini kisheria, waliomtambua walikuwa na mamlaka kamili ya kumkamata, kwa kuwa mauaji ni kosa kubwa kuliko yote, na mamlaka hayo yaliishia hapo. Watoto wale hawakupata siku yao mahakamani, na yaliyomo katika ungamo lile hayakuwahi kupimwa na jaji.

Hii inatuleta kwenye nguvu, na hasa risasi. Kanuni ya jumla imo katika kifungu cha 21: anayepinga kukamatwa anaweza kudhibitiwa kwa njia zote zinazohitajika, lakini hakuna nguvu inayohalalishwa ikiwa inazidi ile iliyofaa kwa hali ilivyokuwa au iliyohitajika kumkamata. Kifungu cha 24 kinaongeza kwamba aliyekwisha kukamatwa asifungwe zaidi ya inavyohitajika kumzuia asitoroke. Juu ya hayo, askari jela ana Sheria ya Magereza, ambayo kifungu chake cha 12 kinamruhusu kutumia silaha dhidi ya mfungwa anayetoroka, kwa sharti kwamba awe na sababu za msingi za kuamini kuwa hakuna njia nyingine ya kumzuia, atoe onyo kabla ya kufyatua bunduki, na alenge, kadiri inavyowezekana, kumzuia asiendelee na si kumuua. Sheria hiyo, iliyoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, haimuulizi mfungwa alifungwa kwa kosa gani. Mlevi wetu wa Bamburi na gaidi wa Kamiti wamo katika sentensi moja.

Polisi wana maandishi yao tofauti, katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Hapo awali jedwali liliruhusu bunduki kwa ajili ya kuokoa maisha na kujilinda. Mwaka 2014 Bunge likaongeza sababu nyingine, ikiwemo kumzuia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke kizuizi halali. Msomaji mwangalifu ataona neno “aliyeshtakiwa”. Mtuhumiwa wa Kware, usiku ule wa Gigiri, alikuwa bado anachunguzwa. Ukilisoma jedwali kwa ukali wa herufi, sababu hiyo mpya haikumgusa, na afisa ambaye angemwona juu ya ukuta angelazimika kutafuta sababu nyingine, kama vile hatari kwa maisha ya mtu. Hata pale sababu inapokuwepo, jedwali linataka kwanza njia zisizo za ukali mkubwa ziwe hazitoshi, afisa ajitambulishe na kutoa onyo lenye muda wa kusikika, na kila risasi iripotiwe kwa mkuu wake hata kama haikumpata mtu. Nguvu ikisababisha kifo au jeraha kubwa, taarifa hupelekwa kwa mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA. Binafsi naona Bunge la 2014 lilifungua mlango mpana kuliko ilivyohitajika, kwa sababu makosa makubwa yanajumlisha hata wizi wa kawaida, lakini ndiyo sheria iliyopo.

Mtoro akisharudishwa, mambo hupungua kelele. Mfungwa aliyehukumiwa hahitaji hati mpya ya kumrejesha gerezani. Ile ya mahakama iliyompeleka huko mwanzo bado ina nguvu. Mahabusu hurudishwa mbele ya mahakama iliyoamuru ashikiliwe, na akiomba dhamana upya hakimu atakuwa na jambo la kutafakari. Wote wawili wanaweza kushtakiwa kwa kutoroka, na kwa shtaka hilo saa 24 za Ibara ya 49 huanza kuhesabiwa upya kama kwa mtu mwingine yeyote. Aliyewasaidia huwa mashakani zaidi yao: kumsaidia mfungwa kutoroka, au kuingiza gerezani kitu kwa nia hiyo, ni kosa kubwa lenye kifungo cha hadi miaka saba chini ya kifungu cha 124 cha Kanuni ya Adhabu. Ndiyo maana baada ya Kamiti na baada ya Gigiri, walioanza kushikwa walikuwa wenye funguo.

Nchi nyingine hulipanga jambo hili kwa namna nyingine. Uingereza, siku ambazo mfungwa yuko nje isivyo halali hazihesabiwi katika kifungo chake, na mwanajeshi wa zamani aliyetoroka gereza la Wandsworth Septemba 2023 akiwa amejifunga chini ya lori la chakula alipewa mwaka 2025 miaka 2 na miezi 3 kwa kutoroka tu, ndani ya jumla ya miaka 14 na miezi 3. Ujerumani, kwa upande wake, haimwadhibu mfungwa kwa kitendo cha kutoroka peke yake, ingawa humwadhibu kwa kumpiga mlinzi au kuvunja dirisha njiani. Hata hivyo gereza la Ujerumani lina mamlaka kamili ya kumkamata na kumrudisha. Kosa la kutoroka na mamlaka ya kukamata tena ni vitu viwili. Kimoja chaweza kuwepo bila kingine.

Limebaki neno la tatu la kifungu cha 40: “popote nchini Kenya”. Tumrudie askari wetu wa Shimo la Tewa, na safari hii tumpe bahati mbaya zaidi. Mtu wake hakukimbilia Kikambala. Alipata pikipiki, akavuka kivuko cha Likoni, akashika barabara ya kusini, na askari akamfuata kwa gari bila kumpoteza machoni hadi Lunga Lunga. Mbio bado ni za moto na mamlaka bado ni mapana. Kisha mfungwa anapita vichakani na kutokea upande wa Horohoro, Tanzania, mita mia chache mbele, bado anaonekana. Hapo mamlaka yote ya kifungu cha 40 yanaisha, kwa sababu Bunge la Kenya haliwezi kumpa mtu ruhusa ya kumkamata mwingine katika ardhi ya Tanzania. Kinachofuata ni hati ya mahakama ya Kenya, ombi kupitia sheria za kurudishana watuhumiwa, ambazo kwa nchi jirani zina utaratibu mwepesi wa hakimu wa upande wa pili kuidhinisha hati iliyotolewa upande wa kwanza, na polisi wa Tanzania kumkamata kwa mamlaka yao wenyewe. Notisi nyekundu ya Interpol, ambayo watu huitaja kana kwamba ni amri ya dunia nzima, ni ombi tu linalosambazwa kwa nchi wanachama. Kila nchi huamua kwa sheria zake kama itamshika mtu kwa ajili yake. Basi askari anasimama kwenye jiwe la mpaka, anamtazama mtu wake akipangusa vumbi, na anatoa simu kumpigia mkuu wake.